Damu Inaposema Kabla ya Mwenyewe

Mtaani husemwa "sumu imeingia kwenye damu". Mtu alikuwa na kidonda mguuni, au mama alijifungua salama juzi, au mtoto alikohoa wiki nzima. Halafu ghafla homa, kuhema mbio mbio, kuweweseka, mikono inakuwa ya baridi, na kufikia kesho yake watu wanatafuta turubai na viti. Ukiuliza marehemu aliumwa nini, utajibiwa tu kwamba sumu ilipanda. Madaktari huita hali hiyo sepsisi, neno la Kigiriki lenye maana ya kuoza, ambalo Hippocrates alikwisha kulitumia zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Siku hizi wanaieleza hivi: vijidudu vimeingia, mwili umeamka kupigana navyo, lakini mapigano yamekosa adabu. Ni sawa na askari waliokuja kumkamata mwizi wakaishia kubomoa nyumba ya mwenyeji. Figo zinagoma, mapafu yanagoma, presha inaporomoka.

Si ugonjwa mdogo huu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaonyesha kwamba mwaka 2017 pekee watu milioni 48.9 duniani walipata sepsisi na milioni 11 kati yao walikufa. Hicho ni karibu kifo kimoja kwa kila vifo vitano vya mwaka ule, na mzigo mkubwa uliangukia nchi maskini na zile za kipato cha kati, yaani sisi.

Mimi si daktari. Ni msomaji wa historia, na swali lililonivuta ni hili: wagonjwa wawili wameletwa wodini usiku mmoja, homa ile ile, kuhema kule kule. Mmoja atatoka kwa miguu yake, mwingine atabebwa. Je, damu yao ilikwisha kujua? Na kama ilijua, palikuwa na mtu wa kuisikiliza, na alipoisikia alifanya nini? Sehemu hii ya mwisho ya swali ndiyo inayosahaulika sana, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Habari inaanza na akina mama. Majira ya baridi ya mwaka 1842 kuingia 1843, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, daktari na mkemia aitwaye Johann Joseph Scherer alichunguza miili ya wanawake saba waliofariki wakati wa uzazi. Mmoja wao alikuwa na miaka 23, uzazi wake wa kwanza. Alijifungua mtoto mzima tarehe 9 Januari 1843. Usiku ule ule tumbo likavimba na kuuma, homa ikapanda, moyo ukaanza kwenda mbio. Hata siku mbili hazikutimia, akafa. Scherer akaichukua damu yake, akaipima kwa ustadi wake wa kemia, akakuta ndani yake asidi ya laktiki.

Asidi yenyewe haikuwa ngeni. Mswidi Carl Wilhelm Scheele aliitoa kwenye maziwa yaliyochacha mwaka 1780, na jina lake linatokana na maziwa hayo. Ni ule ukali unaousikia ulimini ukinywa mtindi. Lakini ndani ya damu ya binadamu? Scherer aliikuta tena kwa mama mwingine katika wale saba, ambaye alikuwa amevuja damu nyingi baada ya kujifungua. Akapiga hesabu yake: kwa kuwa asidi hii haijawahi kuonekana kwenye damu ya watu wenye afya, basi imetengenezwa humo humo mwilini wakati wa ugonjwa. Kumbuka, msomaji, kwamba Louis Pasteur wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20 tu, na hakuna aliyekuwa amethibitisha kwamba homa ya uzazi huletwa na bakteria. Scherer alisoma barua ambayo aliyeiandika bado hakujulikana.

Leo barua hiyo inasomeka. Seli zikikosa oksijeni ya kutosha hulazimika kuchoma sukari kwa njia ya mkato, na njia hiyo huacha lakteti. Mkimbiaji wa mita 400 huijaza misuli yake, akipumzika inaondoka. Mgonjwa wa sepsisi hakukimbia popote, amelala kitandani, na bado damu yake ina lakteti kama ya mtu aliyetoka mashindanoni. Ama damu haifiki inakotakiwa, ama homoni za hamaki zimeusukuma mwili kupita kiasi, ama ini limechoka kuisafisha. Mara nyingi ni yote kwa pamoja.

Sasa twende Vienna, miaka minne baadaye, kwa ugonjwa ule ule. Mwezi Machi 1847 daktari Jakob Kolletschka alifariki baada ya kuchomwa na kisu cha mwanafunzi wakati wa kupasua maiti. Rafiki yake, Ignaz Semmelweis, aliposoma ripoti ya uchunguzi wa mwili wake alishtuka: ulikuwa umeharibika vile vile kama miili ya akina mama waliokufa kwa homa ya uzazi katika wodi yake. Kumbe madaktari walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwazalisha wanawake, na mikono yao ilibeba mauti. Katikati ya Mei akaamuru kila mtu anawe kwa maji ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa akina mama 18 kwa kila 100 katika wodi hiyo. Mwezi Juni walikufa 2, na Julai kama 1.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Scherer aliisoma damu, akaelewa jambo kubwa, na hakuna mama hata mmoja aliyepona kwa sababu hiyo. Semmelweis hakupima damu ya mtu. Alileta beseni la maji. Simdharau Scherer, la hasha. Ila tangu mwanzo wake elimu hii imekuwa na pande mbili, kujua na kutenda, na pande hizo hazikuzaliwa pacha.

Lakteti ilingoja zaidi ya miaka 100 kupata kazi. Mwaka 1964 huko Los Angeles, Marekani, Max Harry Weil na mwenzake Broder walichapisha matokeo ya wagonjwa waliokuwa wameporomoka presha, wakaonyesha kwamba lakteti iliyozidi mno huenda sambamba na kifo. Mwaka 1970 Weil na Afifi wakatoa hesabu kamili zaidi kutoka kwa wagonjwa 142: lakteti ikipanda kutoka milimoli 2 hivi kwa lita hadi 8, uwezekano wa kupona hushuka kutoka asilimia 90 hadi asilimia 10. Si mchezo! Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kusimama kando ya kitanda akiwa na namba mkononi, na namba ile ikawa inazungumza habari za kesho. Mpaka leo, kwa makubaliano ya kitaalamu ya mwaka 2016, lakteti inayozidi 2, pamoja na presha isiyosimama bila dawa, ndiyo alama ya sepsisi iliyofika pabaya kabisa, ambayo huua zaidi ya wagonjwa 40 kwa kila 100.

Wakati huo viashiria vingine navyo vilikuwa vinajitokeza. Mwaka 1930, katika Taasisi ya Rockefeller jijini New York, William Tillett na Thomas Francis walichanganya maji ya damu ya wagonjwa wa nimonia na kitu kilichotolewa kwenye bakteria wa ugonjwa huo, kitu walichokiita C. Mchanganyiko ukaganda na kutua chini. Mgonjwa alipopona, damu yake haikufanya hivyo tena. Baadaye ilifahamika kwamba ni protini inayotengenezwa na ini kila mwili unapowashwa moto, na hadi sasa maabara nyingi huipima kwa jina la CRP. Lakini protini hiyo haichagui: itapanda kwa nimonia, itapanda kwa kuvunjika mguu, itapanda kwa ugonjwa wa viungo. Pafukapo moshi pana moto, sawa, ila moshi haukuambii kama ni nyumba inaungua au ni jirani anachoma takataka.

Halafu ikaja miaka ya 1980 na tamaa yake. Wanasayansi walikuwa wamezitambua zile protini ndogo ambazo seli hutumiana kama wajumbe wa vita. Mmoja wa wajumbe hao huitwa TNF. Mwaka 1987 madaktari wa Norway walipima damu ya wagonjwa 79 waliougua kwa bakteria wa homa ya uti wa mgongo. Kati ya 11 waliokufa, 10 walikuwa na TNF kwenye damu. Kati ya 68 waliopona, ni 8 tu. Jamani, ukiona hesabu kama hiyo utasema nini? Utasema tumempata muuaji, tumkamate.

Wakamkamata. Miaka ya 1990 ikawa ni miaka ya dawa za kumziba TNF. Nyani walikuwa wamepona maabara, kwa hiyo matumaini yalikuwa juu. Mwaka 1996 ikatoka taarifa ya jaribio moja la wagonjwa 141: waliopewa dawa bandia walikufa 30 kwa kila 100, waliopewa dozi kubwa ya dawa yenyewe walikufa 53 kwa kila 100. Yule yule mjumbe aliyeonekana kila penye msiba alikuwa pia akiita wazima moto. Namba ilisema kweli kuhusu hatari, na watu wakaisikia kama imetoa amri. Kujua kwamba kitu fulani kinatembea na kifo ni jambo moja, na kujua kwamba ukikiondoa kifo nacho kitaondoka ni jambo lingine. Kati ya mambo hayo mawili wamezikwa wagonjwa.

Ufaransa, mwaka 1993, ilitoa kiashiria ambacho kimedumu. Marcel Assicot, Claude Bohuon na wenzao walipima prokalsitonini, protini ambayo kwa kawaida ni malighafi ya homoni moja ya tezi ya shingoni. Walichunguza watoto 79 waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na maambukizi. Wasio na maambukizi walikuwa chini ya nanogramu 0.1 kwa mililita. Wenye maambukizi makali ya bakteria, watoto 19, walikuwa kati ya 6 na 53. Wengi wa wale wenye virusi hawakupanda sana. Ajabu zaidi, mgonjwa mmoja aliyekuwa ameondolewa tezi yote alipopata maambukizi makali naye alipanda, maana yake mwili mzima ulikuwa unaitoa, tezi haikuhitajika. Na antibiotiki zikianza kufanya kazi, namba ilishuka haraka.

Tazama basi lililofuata, kwa sababu ndilo somo lenyewe. Denmark walifanya jaribio kwa wagonjwa mahututi 1200, likachapishwa mwaka 2011. Prokalsitonini ikipanda, waongeze dawa na vipimo mara moja. Mantiki haina kasoro, au siyo? Vifo vilikuwa asilimia 31.5 upande huo na asilimia 32 upande wa matibabu ya kawaida, yaani sawa tu. Uholanzi, mwaka 2016, wakaigeuza kanuni: prokalsitonini ikishuka vya kutosha, daktari ashauriwe kusimamisha antibiotiki. Wagonjwa wakatumia dawa kwa siku 5 badala ya 7, na waliokufa ndani ya siku 28 wakawa asilimia 20 badala ya 25. Kipimo ni kile kile. Kilichotofautiana ni kile mkono ulichofanya baada ya jicho kusoma.

Viashiria havikuishia hapo. Wachunguzi wawili waliohesabu mwaka 2010 walikuta 178 vimekwisha kuandikwa katika tafiti za sepsisi. Mwaka 2020 wakahesabu tena wakakuta 258. Hakuna hata kimoja kinachoweza, peke yake, kusema huyu ataishi na huyu hataishi.

Historia hii imepita pia pwani yetu, tena kwa uzito. Kati ya Agosti 1998 na Julai 2002, katika hospitali ya Kilifi, Kenya, watafiti walichukua damu za watoto waliolazwa na kuziotesha maabara kutafuta bakteria. Matokeo yalitoka mwaka 2005. Katika vifo vyote vya watoto hospitalini hapo, asilimia 26 vilikuwa vya watoto waliofika wakiwa na bakteria kwenye damu, kwenye maeneo ambayo kila homa iliitwa malaria. Na katika watoto hao waliokufa, theluthi moja walikufa siku ile ile waliyolazwa. Saba kati ya kila kumi hawakuvuka siku mbili. Sasa fikiri: damu iliyooteshwa huchukua siku nzima, mara nyingi mbili, kabla ya kutoa jibu la maana. Jibu linafika wodini likiwa sahihi kabisa, na kitanda kina mtoto mwingine. Kwa hiyo anayeuliza kiashiria cha haraka kina faida gani Afrika, ajibiwe kwa saa, si kwa nadharia.

Lakini Kilifi ina funzo la pili. Kilifi, pamoja na hospitali ya Teule huko Muheza na nyingine nne za Uganda, zilishiriki jaribio kubwa la watoto 3141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Desturi iliyotoka hospitali za nchi tajiri ilisema mtoto kama huyo apigwe dripu ya haraka. Hapa ikajaribiwa. Mwaka 2011 dunia ilisoma matokeo ikashangaa: ndani ya saa 48, watoto waliopewa maji ya haraka walikufa kama asilimia 10.5, ambao hawakupewa, asilimia 7.3. Dalili zilikuwa zile zile za vitabuni. Ila kitendo kilichofaa kwingine, penye mashine za kupumulia na muuguzi kwa kila kitanda, hapa kiliua. Nikisoma habari hii naona kwamba namba ya Los Angeles haiwezi kupanda ndege peke yake. Lazima ije na swali: mkiiona, mna nini mikononi?

Na wakati mwingine kilichopo mikononi kinatosha kuliko tulivyodhani. Mwaka 2019 madaktari wa Amerika ya Kusini walichapisha jaribio la wagonjwa 424. Nusu walitibiwa kwa kufuata lakteti. Nusu walitibiwa kwa kufuata kidole: bonyeza ncha ya kidole kwa sekunde 10, achia, hesabu sekunde mpaka rangi irudi, zisizidi 3. Waliofuatwa kwa lakteti walikufa asilimia 43.4, waliofuatwa kwa kidole asilimia 34.9. Kitakwimu tofauti hiyo haikutosha kutangaza ushindi, na wenyewe walisema hivyo. Hata hivyo saa ya ukutani na kidole havikushindwa na mashine.

Liko jambo moja linalonikosesha usingizi katika utabiri huu. Rudia hesabu ya Weil: lakteti 8, kupona asilimia 10. Vijana tunapenda namba, tunaona zina heshima. Lakini wale 10 katika 100 ni akina nani? Namba haiwajui. Inajua mia, haimjui huyu aliyelala mbele yako. Katika wodi yenye mtungi mmoja wa oksijeni, rahisi sana mtu kusoma karatasi na kunong'ona, "huyu basi tena", na mtungi ukahamishwa. Mgonjwa atakufa, na karatasi itaonekana imetabiri kweli. Ramli ya namna hiyo haikosei kamwe, kwa sababu mpiga ramli ndiye anayeitimiza. Kipimo cha damu kitumike kumwita daktari mbio kwenye kitanda kile. Siku kitakapotumika kumwondoa, bora tungebaki na beseni la Semmelweis.

Sasa nageukia wenzangu wa kalamu. Yule mama wa Würzburg tunamjua kwa sababu mtu aliandika umri wake, tarehe aliyojifungua, na jinsi usiku ule ulivyokwenda. Miaka 180 imepita na bado tunajifunza kwake. Milioni 11 ya mwaka 2017 ni makadirio, maana wengi walikufa bila kipimo, bila cheti, bila hata sentensi moja zaidi ya ile ya "sumu ilipanda". Ukisikia msiba wa namna hiyo mtaani, uliza taratibu, kwa adabu: homa ilianza lini, alifikishwa hospitali saa ngapi, walimpima nini, jibu lilitoka lini. Andika. Kazi hiyo haihitaji maabara, na hatujui ni nani atakuja kuyasoma maandishi hayo akaona kitu ambacho sisi hatukukiona.